Jinsi Protini Inavyojikunja

Msomaji bila shaka ameuona ute wa yai ukibadilika jikoni. Ukiwa mbichi hupitisha nuru. Ukipata moto huganda na kuwa mweupe, na hata ukipozwa haurudii hali yake ya awali. Katika tukio hilo dogo mna swali kubwa: ni kitu gani kinachoipa protini umbo lake?

Protini ni mnyororo wa asidi za amino, nao hauwezi kufanya kazi yake mpaka ujikunje kwa namna maalumu. Christian Anfinsen, mwanakemia wa Marekani, alilichunguza jambo hili kwa kutumia ribonukliasi, kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe chenye asidi za amino 124 na vifungo 4 vya salfa. Alikitia katika myeyuko mzito wa yurea pamoja na kemikali ya kukata vifungo hivyo. Mnyororo ukakunjuka, na kimeng'enya kikapoteza uwezo wake. Vitu hivyo viwili vilipoondolewa na mnyororo ukapata oksijeni ya hewa, ulijikunja wenyewe, na uwezo karibu wote ukarejea.

Lakini vifungo vilipoachwa viungane hali yurea ingalimo, ulirejea uwezo wa asilimia 1 hivi tu. Salfa 8 zaweza kuungana mbili mbili kwa njia 105, na iliyo sahihi ni moja. Funzo ni hili: mpangilio wa asidi za amino ndio uamuao umbo, ila katika mazingira yafaayo. Kazi hiyo ilimpatia Anfinsen sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Mbona basi yai halirudi? Protini za ute zimesongamana. Zikikunjuka kwa moto hushikamana kabla hazijapata nafasi ya kujikunja upya.

Juu ya msingi huo hujengwa ubunifu wa protini. Mwaka 2003 David Baker na wenzake walitangaza Top7, protini ya asidi za amino 93 yenye umbo lisilopata kuonekana katika viumbe, nayo haikukunjuka hata kwenye nyuzi 98 za Selsiasi. Baker alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2024.

Insulini nayo ni protini, na pasipo jokofu joto huiharibu. Kwa mgonjwa aishiye mbali na umeme, elimu ya kukunjika kwa protini si anasa ya maabara.