Kumbukumbu, Kukumbusha na Kukumbuka: Kamera ya SenseCam na Tatizo la Istilahi

Neno kumbukumbu hubeba dhana mbili: uwezo wa akili wa kuyahifadhi yaliyopita, na maandishi au vitu vinavyoyahifadhi, kama katika kumbukumbu za mkutano. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauna madhara. Lakini unapojadiliwa uwekaji wa rekodi za maisha ya kila siku kwa mitambo, dhana hizo hazina budi kutenganishwa, kwani madai makubwa ya teknolojia hiyo yamejengwa juu ya kuzichanganya.

Fikra yenyewe si mpya. Mwaka 1945 Vannevar Bush wa Marekani alieleza chombo alichokiita memex, meza ya kuhifadhia vitabu na barua za mtu katika mikrofilamu. Chombo hicho hakikuundwa kamwe. Baadaye Gordon Bell (1934-2024), katika mradi wa MyLifeBits wa Microsoft, alihifadhi nyaraka na picha zake katika kompyuta.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni SenseCam, kamera iliyoundwa na Microsoft mjini Cambridge, Uingereza. Huvaliwa shingoni na kupiga picha yenyewe, mwanga ukibadilika au mtu akitokea mbele ya mvaaji. Mwaka 2007 Emma Berry na wenzake waliripoti habari za mgonjwa mmoja, Bibi B, ambaye uvimbe wa ubongo ulikuwa umemwachia upungufu mkubwa wa kukumbuka. Baada ya kuzitazama picha hizo alikumbuka takriban asilimia 80 ya matukio. Kwa shajara ya maandishi, asilimia 49 hivi. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba alipokaa miezi mitatu bila kuzitazama picha, matukio hayo yalikuwa bado akilini mwake, ilhali yale ya shajara yalitoweka baada ya mwezi mmoja tu bila kuisoma.

Hapa kamera haikukumbuka kwa niaba ya mgonjwa. Ilimkumbusha, naye akakumbuka. Mnyambuliko wa kutendesha unabeba hoja nzima.

Mwaka huo huo Abigail Sellen na wenzake walitofautisha kukumbuka tukio na kujua tu kwamba lilitokea, wakaona kuwa picha za SenseCam hufanya kazi tofauti katika hali hizo mbili kadiri muda unavyopita. Mtu aweza kuiona picha ya chakula alichokula, akakiri kuwa alikila, asikumbuke lolote.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kifaa cha namna hii kiitwe kikumbusho, na picha zake rekodi. Huenda ikapingwa kuwa kikumbusho ni neno lenye harufu ya ofisini. Pingamizi hilo lina uzito, lakini ni dogo kuliko kosa la kukiita kifaa kwa jina la kazi ifanywayo na mvaaji.