"Sijambo" Haitoshi Mlimani: Maandalizi ya Mwili na Lugha kwa Mpandaji wa Mlima Kenya Kutoka Rapsu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili maandalizi ya safari ya kuupanda Mlima Kenya chini ya kiongozi, yakimlenga hasa msomaji anayetoka nyanda za chini. Mfano tuliouchagua ni wa kijana wa Rapsu, makazi ya wafugaji na wakulima wa umwagiliaji katika Kaunti ya Isiolo, karibu na Kinna na Mbuga ya Taifa ya Meru. Mfano huu unatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, Rapsu iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lenana kina mita 4,985. Pili, kijana huyo aghalabu huzungumza Kiboran nyumbani, na kiongozi atakayempokea upande wa Timau au Nanyuki huenda akawa na Kimeru au Kikuyu kama lugha yake ya kwanza. Lugha itakayowaunganisha ni Kiswahili.

Hoja ya makala haya ni kwamba maandalizi ya mlima hayakamiliki kwa mazoezi na mavazi peke yake. Hatari kubwa ya mwinuko hujulikana mapema kwa njia moja tu: mgonjwa aseme anavyojisikia. Hata hivyo, mazoea yetu ya mazungumzo, yakiwamo yale tunayoyaita adabu, humfundisha mtu kuyaficha maumivu. Kwa hiyo mpandaji na kiongozi wake wanapaswa kukubaliana namna ya kuulizana na kujibizana kabla hawajaondoka langoni.

2.0 Mlima na mwinuko wake

Mlima Kenya una majina mengi kwa kadiri ya jamii zinazouzunguka: Wakikuyu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara. Vilele vyake vitatu vikuu, Batian, Nelion na Lenana, vimepewa majina ya malaiboni wa Kimaasai. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Lenana hufikiwa kwa miguu, na ndicho kilele tunachokizungumzia hapa.

Mtu anayetoka Rapsu kwa kupitia Meru au mji wa Isiolo hulikuta lango la Sirimon kati ya Timau na Nanyuki. Njia hiyo huanzia takriban mita 2,650, ikapanda hadi kambi ya Old Moses (mita 3,300), kisha hadi kambi ya Shipton (mita 4,200), na kutoka hapo hadi Lenana. Zipo pia njia za Naro Moru na Chogoria, ila kwa msafiri wa Isiolo njia ya Sirimon ndiyo iliyo karibu na barabara yake.

Tuzingatie tarakimu hizo. Endapo msafiri ataondoka Rapsu alfajiri kwa gari na kulala Old Moses usiku uleule, atakuwa amepanda zaidi ya mita 2,300 kwa siku moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko ataifanya akiwa ameketi. Miguu haitamwonya, kwa kuwa haijachoka. Mapafu na ubongo ndivyo vitakavyoonya, na onyo lenyewe laweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

3.0 Kinachoupata mwili

Watu husema kwamba mlimani oksijeni hupungua. Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi. Kiwango cha oksijeni katika hewa ni asilimia 21 pwani na kileleni vilevile. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Katika mita 4,200, kanieneo hiyo ni takriban asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari; karibu na Lenana ni zaidi kidogo ya nusu. Kila pumzi, basi, huleta oksijeni chache kuliko ile mwili uliyoizoea.

Mwili hujirekebisha kwa kuhema zaidi na, baada ya siku nyingi, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Marekebisho hayo huhitaji muda, na muda huo haununuliwi kwa nguvu za misuli. Kijana anayetembea na mifugo kutwa nzima juani ana stahamala kubwa, lakini stahamala hiyo haimkingi na maradhi ya mwinuko. Yaweza hata kumponza, kwa kuwa itamwezesha kuwahi mahali ambapo mwili wake haujawa tayari kupalala.

Maradhi ya mwinuko yana sura tatu. Ya kwanza ndiyo ya kawaida: kichwa huuma, na pamoja nacho huja kichefuchefu, unyonge au kizunguzungu. Ya pili ni uvimbe wa ubongo: mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huchanganyikiwa, na asipohudumiwa huzimia. Ya tatu ni maji kujaa mapafuni: mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ametulia, hukohoa, na baadaye huweza kutoa povu lenye rangi ya damu. Sura mbili za mwisho huua, na tiba yake ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku. Mwenye dalili za sura ya kwanza asipande zaidi mpaka zimwishe; zikizidi, naye ateremke.

4.0 Maandalizi ya ratiba, mwili na vifaa

4.1 Ratiba

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya mapumziko. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni takriban mita 900. Ratiba ya haraka inayounganisha kambi hizo mbili kwa siku moja huivunja kanuni hiyo waziwazi.

Kwa mtu wa Rapsu, ratiba ya busara ni hii: alale usiku mmoja au miwili Nanyuki, penye takriban mita 1,950, alale Old Moses usiku mbili, na katika siku ya katikati apande kidogo kisha arudi kulala palepale, alale Liki North, karibu na mita 3,990, ndipo aende Shipton. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane ili kufika Lenana kwenye mapambazuko. Ratiba hii huongeza gharama ya chakula na malipo ya siku, nayo ndiyo gharama isiyofaa kupunguzwa.

4.2 Mwili

Mazoezi yaanze miezi miwili au mitatu kabla. Kwa kuwa Rapsu ni tambarare, mpandaji atafute miinuko ya upande wa Nyambene na kuipanda akiwa na mzigo mgongoni, kisha ashuke nao, maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au selimundu amwone daktari kwanza. Dawa ya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini nayo itolewe na daktari, kwa sababu haiwafai watu wote.

Ikiwa mwezi wa Ramadhani unaingiliana na safari, ni vyema safari ahirishwe. Mwili unaopoteza maji kwa kuhema hewa kavu unahitaji kunywa mchana, na sheria ya dini yenyewe imemruhusu msafiri na mgonjwa kuilipa saumu siku nyingine. Majira yafaayo ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, wakati mvua inapokuwa chache.

4.3 Vifaa

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, Lenana huwa baridi kuliko Rapsu kwa zaidi ya nyuzi 25, na usiku maji huganda. Mpandaji avae nguo kwa tabaka: ya ndani isiyoshika jasho, sweta la sufu, na koti lisilopitisha mvua wala upepo. Pamba ikilowa hushika baridi. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Kiatu kipya ni malengelenge. Aongeze glavu, kofia ya kufunika masikio, tochi ya kufunga kichwani, miwani ya jua na mfuko mzito wa kulalia. Vingi kati ya hivi hupatikana katika mitumba au hukodishwa Nanyuki.

5.0 Maandalizi ya lugha

5.1 Salamu na jibu lake

Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama amelala kitandani. Akiambiwa "Pole", wengi hujibu "Nimeshapoa". Kijana wa leo akiulizwa "Uko sawa?" hujibu "Niko sawa". Katika Kiboran pia, salamu hujengwa juu ya neno nagaa, yaani amani, na mtu hujibu kwa amani kabla ya kueleza shida yake. Majibu haya si uongo. Kazi yake ni kudumisha uhusiano, na habari yenyewe hufuata baadaye, watu wakiwa wameketi.

Mlimani hakuna kuketi huko. Kiongozi ana watu wanane, upepo unavuma, giza linaingia. Akiuliza "Hamjambo?" na wote wakaitikia "Hatujambo", amepata salamu na hajapata habari. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hiyo humlaumu mfichaji, lakini twaweza kuuliza pia iwapo swali aliloulizwa lilimpa nafasi ya kufichua.

5.2 Maswali yanayofaa

Waganga wa mwinuko hutumia kipimo kiitwacho Lake Louise, ambacho kilirekebishwa mwaka 2018. Mpandaji hujipa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila dalili kati ya nne: maumivu ya kichwa, matatizo ya tumbo, uchovu, na kizunguzungu. Mwenye maumivu ya kichwa ambaye jumla yake hufika 3 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Tunaona kwamba hata wataalamu hutegemea maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa Kiswahili, maswali ya kila jioni na kila asubuhi yaweza kuwa haya: Kichwa kinauma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi tatu? Umekula nusu ya sahani au zaidi? Je, umetapika? Umechoka kuliko jana? Ukisimama, ardhi inazunguka? Hakuna hata moja linalojibika kwa "sijambo". Kisha kila mmoja atembee hatua kumi katika mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Anayeshindwa asiachwe peke yake, na matayarisho ya kumteremsha yaanze.

5.3 Msamiati

Maneno yetu yana tofauti ambazo mpandaji anapaswa kuzichunga. Kuhema baada ya kupanda ni kawaida. Kukosa pumzi ukiwa umeketi ni hatari. Kizunguzungu ni hisia ya ndani ambayo mwenyewe huieleza. Kupepesuka huonwa na wenzake. Uchovu huondoka kwa usingizi, lakini unyonge huamka nawe. Mtu aliyejifunza Kiswahili shuleni huenda akalitumia neno "kuchoka" kwa hali zote hizi. Ndiyo maana inafaa kikundi kikae Nanyuki, wapitie maneno haya pamoja, na kila mmoja aseme neno la lugha yake ya nyumbani linalolingana nalo.

Neno "polepole" nalo lieleweke kama agizo la tiba. Kipimo chake ni rahisi: ukishindwa kumaliza sentensi ndefu bila kukata pumzi, unakwenda mbio.

5.4 Neno la mwisho

Kabla ya kuondoka, kikundi kikubaliane kwa maneno wazi kuhusu mambo matatu. Kwanza, kiongozi akisema fulani ateremke, hakuna mjadala wala hoja ya fedha zilizokwisha kulipwa. Pili, awepo kiongozi wa pili, ili mmoja amteremshe mgonjwa bila kuwaacha wengine. Tatu, maswali yaleyale waulizwe wapagazi na mpishi. Wao hubeba mzigo mkubwa zaidi, na huwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza, kwa kuwa kuugua kwaweza kuwakosesha ujira.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtu wa Rapsu anayekwenda Lenana anahitaji siku za kutosha, mwili uliozoezwa, nguo za baridi, na lugha ya kusemea ukweli wa mwili wake. Mambo matatu ya mwanzo yameelezwa katika vitabu vingi vya safari. La nne ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Ikiwa kazi yetu ni kuchunguza jinsi watu wanavyotumia lugha, basi tuwasaidie viongozi na wapandaji kutunga maswali ambayo jibu lake haliwezi kuwa salamu. Adabu ya salamu ibaki; baada yake lifuate swali la pili.

Maswali ya mjadala

1. Tunga maswali matano ambayo muuguzi wa zahanati ya kijijini angeweza kuyatumia mahali pa "Hujambo?"
2. Tofautisha uchovu, unyonge na ulegevu kwa mifano kutoka eneo lako.
3. "Mwenda pole hajikwai." Jadili methali hii kwa kuzingatia ratiba ya kupanda mlima mrefu.