Sauti ya Msimulizi na Mashine Inayoiga

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, na hapo pia hupita reli ya TAZARA. Katika miji ya namna hii mabanda ya video yamewaburudisha watu kwa miaka mingi kwa filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Msimulizi, ambaye vijana humwita dijei, hatafsiri maneno tu: hufafanua mila ngeni, hutia mzaha, na huwapa wahusika majina ya kwetu. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo.

Leo kompyuta zenye akili mnemba zinaweza kuifanya. Katika makala haya tutaeleza jinsi mashine inavyojifunza sauti ya mtu, kisha tutauliza ni nani apatae hasara.

Jinsi mashine inavyojifunza

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kwa kila sekunde. Vipimo vikiwa 16,000 kwa sekunde, dakika moja ya usimulizi huwa namba 960,000. Mashine hupewa namba hizo pamoja na maandishi ya maneno yaliyosemwa. Hukisia, hukosea, kisha hurekebisha hesabu zake; zoezi hilo hurudiwa mpaka makosa yawe machache.

Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza mashine iitwayo VALL-E, iliyofunzwa kwa saa 60,000 za usemi wa Kiingereza. Baada ya mafunzo hayo, sekunde 3 tu za sauti ya mtu zilitosha kumwiga. Kwa Kiswahili cha Tanzania, kampuni hiyo imekwisha kutengeneza sauti zilizopewa majina ya Daudi na Rehema.

Nani apatae hasara?

Trekta lilichukua nafasi ya jembe la mkono, lakini halikumwiga mkulima. Mashine hii humwiga mtu mwenyewe. Kanda alizorekodi msimulizi kwa miaka mingi ndizo ziwezazo kuifunza mashine itakayomnyang'anya riziki, nayo haichoki wala haidai ujira.

Nchini Marekani waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA waligoma tangu tarehe 14 Julai hadi 9 Novemba 2023. Miongoni mwa mambo waliyoyapata ni kwamba mwajiri asitengeneze nakala ya sura au sauti ya mwigizaji bila idhini na malipo. Msimulizi wa Njombe hana chama chenye nguvu kama hicho. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua msanii mtendaji. Lakini mara nyingi msimulizi naye hutumia filamu bila ruhusa ya mwenyewe, na hivyo huogopa kudai haki yake. Udhaifu huo tuukubali. Hata hivyo, kosa moja halihalalishi jingine: filamu ni ya mwingine, ila sauti ni yake.

Mashine hujua kile ilicholishwa tu. Kanda na maandishi ya Kibena au Kikinga ni machache, kwa hiyo mzaha uchanganyao Kiswahili na Kibena bado ni mali ya msimulizi. Lakini kinga hiyo ni ya muda, na itakwisha siku kanda zitakapoongezeka. Kinga ya kudumu ni mkataba. Kijana aombwaye kurekodi sauti yake aulize kwanza: itatumika wapi, kwa muda gani, na kwa malipo gani?

Maswali

1. Filamu ina usimulizi wa dakika 90. Kwa vipimo 16,000 kwa sekunde, kompyuta itapata namba ngapi?
2. Je, msimulizi asiye na ruhusa ya mwenye filamu anastahili kulindwa sauti yake? Jadilini.