Kutoka Mezani hadi kwa Mgonjwa: Jinsi Mkono Unavyojifunza na Kuhamisha Stadi

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia daktari tarajali aliyekuwa hodari wa kushona. Katika chumba cha mazoezi, mishono yake kwenye kipande cha sponji ilinyooka kama ya cherehani. Usiku mmoja aliletwa mtoto aliyepasuka paji la uso, nami nikamwachia kazi bila wasiwasi. Baada ya dakika chache mikono yake ilianza kutetemeka: ngozi iliteleza kwa damu, mtoto alijitikisa, na sindano ilihitaji nguvu tofauti na ile aliyoizoea. Ilinibidi nimalizie mwenyewe. Mtoto alipona vizuri. Kosa halikuwa la kijana yule. Lilikuwa langu, niliyedhani kwamba stadi iliyokamilika mezani imekamilika pia kwa mgonjwa. Makala hii inaeleza kwa nini sivyo, na nini kifanyike.

Mkono hujifunzaje?

Husemwa kwamba mkono "umezoea". Kwa hakika anayezoea ni ubongo. Katika kila tendo, ubongo hutuma amri kwa misuli na papo hapo hukadiria matokeo yatakavyokuwa. Macho, ngozi, misuli na viungo hurudisha taarifa, na tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichotokea hutumika kusahihisha amri inayofuata. Ubongo mdogo, ulio upande wa kisogoni, una nafasi kuu katika usahihishaji huo. Ndiyo maana mgonjwa aliyeumia sehemu hiyo hupeleka mkono ukapitiliza kikombe anachotaka kukishika.

Mwanzoni mwanafunzi huhitaji kufikiria kila hatua. Kadiri anavyorudia, makosa hupungua, na hatimaye tendo hujiendea lenyewe huku akili ikibaki huru kushughulikia mengine. Lakini kinachojiendea ni kile kilichofanyiwa mazoezi, katika hali ile ile kilimofanyiwa.

Stadi huhama kwa kiasi gani?

Mwaka 1901, Thorndike na Woodworth wa Marekani walichapisha majaribio ambamo watu walijizoeza kukadiria ukubwa wa maumbo. Waliboreka kwa maumbo waliyoyazoea, lakini kwa maumbo mengine mafanikio yalikuwa madogo zaidi. Hoja yao ingali na uzito: stadi huhama kutoka kazi moja hadi nyingine kwa kadiri kazi hizo zinavyofanana katika vipengele vyake.

Wakati mwingine stadi ya zamani hugeuka kikwazo. Dereva aliyezoea gari la Kijapani, akikaa kwenye gari lililotengenezwa Ulaya, hutaka kuwasha indiketa akawasha waipa. Hakusahau kuendesha, mkono wake unatii sheria ya gari la zamani.

Hali hiyo huonekana wazi katika upasuaji wa matundu madogo. Vifaa hupita kwenye tundu la ukuta wa tumbo, nalo huwa egemeo. Ni kama kasia lililoegemea ubavu wa mashua: mkono ukienda mbele, bapa lake huenda nyuma. Vivyo hivyo, mkono wa daktari ukienda kulia, ncha ya kifaa huenda kushoto. Zaidi ya hayo, daktari hutazama picha bapa kwenye skrini, na hisia ya mguso hupungua. Kwa hiyo hata bingwa wa upasuaji wa kawaida hulazimika kujifunza upya sehemu ya kazi yake.

Habari njema ni kwamba mazoezi yenye vipengele sahihi huhama. Mwaka 2002, Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Waliofanya mazoezi kwanza kwenye kompyuta inayoigiza upasuaji huo waliondoa mfuko wa nyongo kutoka kwenye ini kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29, na walifanya makosa machache zaidi.

Mazoezi ya namna gani?

Mwaka 1979, Shea na Morgan walionyesha jambo linalowashangaza walimu wengi. Waliojifunza miondoko mitatu ya mkono kwa kuichanganya walikuwa wazito wakati wa mazoezi kuliko waliomaliza mmoja ndipo wakaanza mwingine. Lakini walipopimwa baada ya siku 10, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Wepesi wa mazoezini, basi, si kipimo cha kujifunza.

Muda nao una nafasi yake. Mwaka 2006, Moulton na wenzake, huko Kanada, waliwafundisha madaktari 38 kuunganisha mishipa midogo ya damu. Wengine walipata vipindi vinne kwa siku moja. Wengine kipindi kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadaye, waliosambaza mazoezi waliwashinda wenzao, hata walipofanya kazi hiyo kwenye panya hai aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Wahenga walikwisha kusema: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mambo ya kuzingatia

1. Mazoezi yafanane na kazi halisi: vifaa vilevile, mkao uleule, hata mwanga hafifu na uso unaoteleza.
2. Aina za majeraha na mishono zichanganywe katika kipindi kimoja.
3. Vipindi vifupi visambazwe kwa wiki kadhaa.
4. Mwanafunzi apimwe siku nyingine, kwa kazi asiyoizoea, si mara tu baada ya mazoezi.
5. Mara za kwanza kwa mgonjwa, msimamizi awe karibu.

Kanuni hizi huwafaa pia wanaouguza nyumbani. Aliyepooza mkono kwa kiharusi hatarejea kufunga vifungo kwa kuminya mpira pekee. Avishwe shati, ajaribu vifungo vyenyewe, kidogo kidogo kila siku.

Siku hizi, mwanafunzi akinionyesha mshono mzuri kwenye sponji, humpongeza. Kisha humpa ngozi ya mguu wa nguruwe iliyolowa, iliyochanwa bila mpangilio, na kumwomba aanze tena. Hupendelea atetemeke pale, kuliko mbele ya mtoto wa mtu.