Ukisafiri Peke Yako, Imani Yako Inabaki Nyumbani?



Vijana wenzangu, leo naomba tujifunze kupitia safari. Siyo safari ya Roma wala ya Nchi Takatifu. Ni safari ya kutoka Tanga kwenda Mombasa. Najua kuna mtu ameshacheka, maana kwetu Tanga wapo watu wanaovuka mpaka wa Horohoro kila wiki kama wanaokwenda sokoni. Lakini kwangu mimi Mombasa ilikuwa ndoto ya miaka kumi na moja.

Ilianza nikiwa kidato cha pili. Kwenye kitabu cha historia kulikuwa na picha ndogo ya Ngome ya Yesu, haina hata rangi. Nilishangaa kwamba ngome ya vita, yenye mizinga, imepewa jina la Yesu. Nikajiambia iko siku nitaiona kwa macho yangu. Baadaye, nikiwa seminarini, tukasoma habari za Mashahidi wa Mombasa wa mwaka 1631, waliouawa kwa ajili ya imani miaka 255 kabla ya Mt. Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa moto Namugongo. Kumbe kwenye pwani hii hii yetu ya Waswahili kuna Wakristo waliomwaga damu zamani hivyo, na wengi wetu hatujawahi hata kuwasikia! Hamu ikazidi.

Mwaka huu nimemaliza falsafa. Mbele yangu kulikuwa na barua moja tu ya kuandika, ile ya kuomba kuendelea na teolojia. Nilikuwa nimeiahirisha mara tatu. Nikiulizwa nasema niko bize, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na uhakika kama bado naitaka njia hii au nimeizoea tu. Basi likizo ilipofika, na pasipoti niliyoichangia kidogo kidogo ikiwa mkononi, nikamwomba paroko ruhusa ya siku tatu. Akaniangalia, akasema, "Nenda, frateri. Ila breviari usiiache."

Breviari sikuiacha. Niliiweka chini kabisa ya begi, chini ya nguo zote.

Mwalimu wa uongo

Niliondoka Tanga alfajiri, nikapita Amboni na Duga hadi Horohoro. Nikagongewa muhuri wa kwanza katika maisha yangu, nikavuka upande wa Lunga Lunga. Masifu ya Asubuhi sikusali. Nilijiambia gari linatikisika, nitasali baadaye.

Ndani ya matatu ya kwenda Likoni niliketi na mama mmoja wa makamo, amejifunga buibui, kapakata kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza kuzungumza. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe wafanya kazi gani huko Tanga?"

Sijui nini kilinipata. Nikamjibu, "Mimi mwalimu, mama."

Hakuna aliyenitisha. Mama wa watu alikuwa mpole, na hata ningemwambia mimi ni mwanafunzi wa upadre, naamini angenitakia heri tu. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo hakuna anayenijua, hakuna kengele wala mlezi. Nikataka kuonja ladha ya kuwa mtu mwingine. Na kusema kweli, ladha yake ilikuwa tamu.

Mama akasema, "Haya, Mungu akusahilishie." Kisha akatoa tasbihi yake, akaanza kuvuta uradi taratibu, midomo ikicheza, wala hakujali nani anamtazama. Mimi rozari yangu ilikuwa mfukoni. Nikaisukuma ndani zaidi isije ikachungulia.

Tulifika Likoni, tukavuka kwa feri, na jioni nikazunguka Mji wa Kale nikila viazi karai na kupiga picha. Nikalala bila kusali hata Salamu Maria moja. Siku nzima ya ndoto yangu, na Mungu sikumpa hata dakika tano.

Pete ya Gige

Tuliosoma falsafa tunaijua hadithi hii. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasimulia habari za mchungaji mmoja aliyeokota pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, haonekani. Alipogundua hivyo akafanya maovu makubwa, mpaka akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali analotuachia Plato ni hili: kama ungekuwa na pete hiyo, ungeendelea kuwa mwema? Yaani wema wako ni wako kweli, au ni woga wa kuonekana?

Darasani swali hili niliwahi kulijibu vizuri tu. Mombasa nikagundua kwamba kusafiri peke yako ugenini ni kuvaa pete hiyo. Hakuna anayejua kama wewe ni kiongozi wa VIWAWA, kama ni mwanakwaya, kama mama yako ni katekista. Vivyo hivyo unapoanza chuo mji wa mbali, unapopata kazi Dubai au Muscat, hata unapofungua akaunti kwa jina la bandia kwenye simu. Mimi sikuua mtu. Lakini ndani ya saa chache nilikuwa nimeshaacha sala na kuukana wito wangu, tena bila kulazimishwa.

Yusuf ambaye ni Jerónimo

Siku ya pili nikaingia Ngome ya Yesu. Wareno waliianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaiteka 1698. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nikapita kwenye mizinga, nikatazama bahari kutoka juu ya kuta, nikafika penye mabaki ya kanisa la ngome.

Nilisubiri nisisimke. Miaka kumi na moja, bwana! Nikasimama, nikapiga magoti kidogo, nikasikiliza. Hakuna kitu. Jua kali, jasho, na wanafunzi wa shule fulani wanapiga selfi. Nikakaa kivulini nimekata tamaa. Nilipokosa hisia nilizozifuata, ndipo nikaanza kufikiri.

Nikamfikiria Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa mfalme hapa. Aligombana na Wareno, akakimbia, akauawa kwa hila yao. Yusuf, mtoto mdogo, akapelekwa Goa kule India. Huko akalelewa na watawa wa Shirika la Mt. Agostino, akabatizwa Jerónimo, akasoma, akaoa mwanamke Mkristo. Kisha Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme chini yao. Inasimuliwa kwamba usiku alionekana akisali penye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Mchana Jerónimo, usiku Yusuf. Mkuu wa ngome alipotaka kumshitaki Goa, yeye akamuwahi. Agosti 16, 1631, aliingia ndani ya ngome hii na watu wake, akamuua mkuu huyo, na siku chache zilizofuata Wakristo wakatakiwa wachague: waiache imani au wafe. Waliouawa walikuwa wengi. Walikuwemo mapadre Waagostino, familia za Kireno, na Waafrika waliobatizwa. Kanisa bado halijawatangaza kuwa wenye heri.

Hapa naomba tuelewane. Kisa hiki tusikisome kama ugomvi wa Waislamu na Wakristo. Sisi wa Tanga tumekula pilau la Idi na la Krismasi kwenye sinia moja tangu utoto. Tena Wareno walikuwa na damu mikononi mwao, na jina la Yesu kubandikwa juu ya mizinga halikuwafanya wafanane naye. Yule mtoto alivalishwa imani na watu wale wale waliomfanya yatima. Siwezi kutetea mauaji aliyoyafanya, lakini siwezi pia kumrushia jiwe.

Lililonichoma ni jingine. Nilijiona mimi ndani yake. Mimi pia nimelelewa na mapadre, nimesomeshwa, nimevalishwa kanzu. Yeye mchana Jerónimo, usiku Yusuf. Mimi seminarini frateri, matatuni mwalimu. Yeye alikuwa na kidonda cha baba yake. Mimi nilikuwa na sababu gani?

Halafu nikawafikiria wale Waafrika waliobatizwa. Nao walifundishwa imani na wageni. Nao wangeweza kusema, "Hili ni jambo la Wareno, halituhusu." Mahali fulani kati ya ubatizo wao na siku ile ya Agosti, ile imani waliyopewa walikuwa wameifanya kuwa yao. Ndiyo maana hawakuitupa mlipoanza kuwa na gharama. Kila mmoja wetu alipewa imani na mtu: mama, bibi, katekista, mlezi. Kupewa si aibu. Hatari ni kubaki nayo kama nguo ya kuazima, inayovuliwa tukivuka mpaka.

Yakobo njiani

Nikatoa breviari kutoka begini, na simu nikaifungua kwenye Kitabu cha Mwanzo, sura ya 28. Yakobo naye yuko safarini peke yake, mara ya kwanza kutoka nyumbani, tena anakimbia kwa sababu ya uongo wake. Usiku unamkuta porini, analalia jiwe. Katika ndoto Mungu anajitambulisha kwake kuwa ni Mungu wa Abrahamu na wa Isaka. Hajasema "Mungu wa Yakobo". Bado! Yakobo anaamka na hofu, anatambua kwamba Mungu alikuwa mahali pale na yeye hakujua. Kisha, katika aya ya 21, anaweka nadhiri kwamba akirudi salama, Bwana atakuwa Mungu wake yeye.

Unaona hatua hiyo? Alitoka nyumbani na Mungu wa baba yake, akafika njiani akampata Mungu wake. Na mahali penyewe hapakuwa na uzuri wowote, palikuwa na mawe tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2691) inatukumbusha kwamba hija ni mfano wa safari yetu ya kwenda mbinguni na ni wakati wa kuifanya upya sala. Kwa hiyo mtalii akikosa msisimko anaona amepoteza nauli. Mhujaji anaweza kukosa msisimko na bado akaongoka.

Jioni ile nilitembea kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah, nikahudhuria Misa, nikaungama. Baada ya Misa nikabaki kwenye benchi nikasali Masifu ya Jioni. Hakuna malaika aliyetokea. Lakini hakuna aliyenipigia kengele pia, na bado nilisali. Nilifurahi kwa jambo hilo dogo.

Siku ya tatu, nikirudi, kijana mmoja wa rika langu aliniuliza kazi yangu. Nikameza mate, nikasema, "Mimi ni frateri, nasomea upadre, jimbo la Tanga." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia hajaingia kanisani tangu babake afariki. Tuliongea hadi mpakani. Ningesema mimi ni mwalimu, naye angebaki na mzigo wake.

Barua nimeiandika usiku wa kurudi, ukurasa mmoja na nusu. Jibu ni la baba askofu na walezi. Ila safari hii anayeomba ni mimi, siyo mazoea yangu.

Tufanye nini?

Ukipata safari yako, iwe ya Mombasa, Namugongo au Ulaya, nakushauri mambo manne.

1. Panga saa ya sala kabla ya kupanga begi. Ukisema "nitasali nikipata nafasi", hutaipata.
2. Siku ya kwanza ugenini tafuta kanisa lilipo na saa za Misa, kama unavyotafuta pa kula na pa kulala.
3. Anayekuuliza kwa wema wewe ni nani, mjibu ukweli. Huhitaji kuhubiri.
4. Usipime safari kwa hisia. Ukikosa msisimko, kaa kimya kwanza kabla hujaondoka.

Maswali ya kutafakari, wewe binafsi au kwenye jumuiya yenu ya vijana:

- Ni mahali gani, hata mtandaoni, ambapo navaa pete ya kutoonekana?
- Nani alinipa imani, na ni lini niliifanya kuwa yangu?
- Je, yupo mtu wa dini nyingine ambaye uaminifu wake katika sala umenifundisha kitu?

Tusali: Ee Bwana, uliyemfuata Yakobo hadi penye jiwe lake, utufuate na sisi tunapovuka mipaka. Pale tusipojulikana na mtu, utukumbushe kwamba wewe unatujua. Uwape pumziko wote waliokufa Mombasa mwaka ule, uponye vidonda vya pwani yetu, na uwe Mungu wetu sisi wenyewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na yule mama wa matatu, popote alipo, Mungu ampe afya. Nikikutana naye tena nitamwambia kazi yangu ya kweli.