Tovuti ya Chuo na Maswali ya Mwombaji

Mwalimu anapoandaa somo hujiuliza kwanza mwanafunzi anajua nini tayari, na anahitaji kujua nini kabla kengele haijalia. Andalio la somo lisiloanzia hapo huzaa hotuba. Katika makala haya tunakusudia kuitazama tovuti ya chuo kwa jicho hilo la ualimu, kwa kuwa nayo ni somo la namna yake: yupo anayeeleza, yupo anayetaka kujua, na muda ni mfupi.

Kuanzia mwaka 2010 maombi ya kujiunga na vyuo vikuu nchini Tanzania yalipitia katika mfumo mmoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 utaratibu huo ulikoma, na mwombaji akatakiwa kupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Hapo tovuti ilikoma kuwa ubao wa matangazo, ikawa mlango. Asiyeuona mlango kwa wakati hungoja mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza Kidato cha Sita, naye yuko kijijini huko Kibondo. Matokeo yametoka, dirisha la udahili liko wazi kwa majuma machache, simu ni ya kaka yake, na kifurushi cha intaneti ni cha kuhesabu. Maswali yake si mengi. Je, alama zangu zinatosha? Ada ni kiasi gani, na hulipwa kwa awamu ngapi? Mwisho wa kuomba ni lini? Malazi yapo? Nikikwama, nimpigie nani? Anaufungua ukurasa wa mbele, na aghalabu anakutana na picha kubwa za mahafali zinazopishana, salamu za mkuu wa chuo, dira na dhima, na habari ya mgeni rasmi aliyepanda mti. Kifurushi kinakwisha kabla picha ya tatu haijafunguka.

Kasoro hii si yetu peke yetu. Mwaka 2010 mchoraji wa Marekani, Randall Munroe, alichora miduara miwili: mmoja wa mambo yanayowekwa katika ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo kikuu, na mwingine wa mambo ambayo watu huja kuyatafuta. Miduara hiyo ilikutana katika jambo moja tu, nalo ni jina kamili la chuo. Mchoro ulikuwa wa kuchekesha, lakini tunashauri kila mkufunzi auchore ubaoni kabla ya kuendelea.

Linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni sifa za kujiunga, kwa maana hapo ndipo ufundi wa kufundisha unapohitajika hasa. Kwa shahada ya kwanza, kiwango cha chini kwa mwenye Kidato cha Sita ni ufaulu mkuu katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi 4.0. Tovuti nyingi huandika hivyo na kunyamaza. Lakini ni mwalimu gani wa hisabati atoaye kanuni bila mfano? Ingetosha kuongeza kwamba kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwamba D mbili zinafika, C na E zinafika pia, ila D na E hazifiki. Na kwamba waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana mizani yao, ambamo D ni pointi 1 tu. Baada ya hapo itajwe kozi inayodai zaidi ya kiwango hicho, na masomo inayoyadai. Mistari mitano ya namna hiyo humwokoa mwombaji asilipe ada ya maombi, ambayo kwa kawaida hairudishwi, kwa kozi asiyoweza kuipata.

Yako mengine ya kutajwa kwa ufupi. Tangazo lisilo na mwaka humfanya msomaji aamini tarehe iliyokwisha kupita. Hati iliyopigwa picha na kupachikwa ni nzito, na neno lililomo halitafutiki. Ukurasa wa ada uliomo katika Kiingereza peke yake unamsahau mzazi, naye ndiye mlipaji. Tena, anwani ya chuo inayoishia kwa .ac.tz itajwe waziwazi katika kila tangazo, maana matapeli nao hufungua kurasa zao na kupokea ada.

Kwa wakufunzi wanaofundisha ufahamu na uandishi wa maelekezo, tovuti ni zana ya kufundishia isiyo na gharama kubwa. Wanachuo wakae wawili wawili wakiwa na simu moja. Mmoja apewe hati ya matokeo ya kubuni pamoja na maswali matano tuliyoyataja, atafute majibu bila kusaidiwa. Mwenzake aandike kila ukurasa uliofunguliwa, dakika zilizotumika, na neno lililomkwamisha. Kipindi kimoja kinatosha kwa hatua hiyo. Katika kipindi cha pili waandike upya ukurasa wa sifa za kujiunga wa chuo chao wenyewe, kwa Kiswahili, kisha wampe mwanafunzi wa Kidato cha Sita wa shule jirani ausome na kueleza kama anaweza kuomba au la.