Shule ya Fedha Isiyo na Ada

Zamani elimu ya biashara ilikuwa kama siri ya wenye maduka. Kijana aliyetaka kuijua ilimpasa azaliwe katika nyumba ya mfanyabiashara, au akae dukani kwa bwana mmoja miaka mingi, akifagia na kupima chumvi, huku akilitupia jicho daftari kila bwana alipogeuka. Watu wengine waliuza na kununua kwa kukisia tu. Mmoja wa walioifunua siri hiyo ni Luca Pacioli, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1494 alipigisha chapa mjini Venice, katika nchi ya Italia, kitabu kikubwa cha hesabu, nacho kilikuwa kwa lugha waliyoisema wachuuzi wa huko, wala si kwa Kilatini cha wasomi. Humo alieleza jinsi wafanyabiashara wa Venice walivyotunza madaftari yao. Kila jambo liliandikwa mara mbili, mahali pamoja kama kitu kilichotolewa, na mahali pengine kama kitu kilichopokewa, hata pande zote mbili zikalingana. Zisipolingana, ama pana kosa, ama pana mwizi. Tena alitia humo kanuni moja fupi juu ya riba, nayo tutaiona mbele.

Siku hizi kazi iliyofanywa na mtambo wa chapa inafanywa na intaneti pia. Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya fedha mjini Boston, Marekani, alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekaa mbali katika mji wa New Orleans. Ndugu wengine wakaomba nao wafundishwe. Mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo yake mahali ambapo mtu ye yote aweza kuyatazama, na mwaka 2008 akaanzisha shirika liitwalo Khan Academy. Hapo mna masomo ya hesabu tangu kujumlisha, na pia masomo ya akiba, riba, mikopo, bima na kodi. Mwanafunzi halipi kitu, kwa maana shirika hilo huendeshwa kwa michango. Chuo Kikuu cha Rice, katika jimbo la Texas, nacho kina kazi iitwayo OpenStax, itoayo vitabu vya shule bila malipo; mwaka 2018 kilitoa kitabu cha kuanzia elimu ya biashara. Kitabu hicho ni kirefu, tena kimeandikwa kwa ajili ya vijana wa chuo. Nionavyo mimi chafaa zaidi mikononi mwa mwalimu, ambaye atachagua sura mbili tatu na kuwaeleza wanafunzi wake kwa maneno mepesi.

Labda mtasema, “Shule yetu haina intaneti.” Hilo nalo lina dawa. Iko programu iitwayo Kolibri, ambayo hupakiwa katika kompyuta moja pamoja na masomo yake mahali penye intaneti, kisha kompyuta hiyo hupelekwa shuleni. Vyombo vingine vilivyomo darasani huungana nayo bila waya, na wanafunzi husoma hata kijiji kizima kikiwa hakina mtandao. Kinachohitajika ni umeme, na mwalimu mwenye subira.

Lakini angalieni jambo moja. Masomo mengi ya namna hiyo yametungwa kwa watoto wa Marekani. Husema habari za dola, za kadi za mkopo na za kodi za huko, wala hayamjui mtu auzaye maandazi penye kituo cha basi. Mwanafunzi ayatazamaye na kuyasifu tu, asiyahamishie nyumbani kwao, amepata maneno, hakupata elimu. Basi na tuyahamishe sasa hivi.

Tuseme mama mmoja hukaanga maandazi 90 kila siku. Unga wamgharimu shilingi 6,000, sukari 1,500, mafuta 4,000, hamira 500, na mkaa 2,000. Jumla ni shilingi 14,000. Kila andazi auza shilingi 200. Asiyeandika atasema, “Leo nimepata 18,000.” Hata maneno hayo si kweli, kwa sababu maandazi 10 yameliwa na watoto wake asubuhi, na aliyoyauza ni 80. Fedha aliyonayo mkononi ni 16,000. Ukitoa gharama, kinachobaki ni shilingi 2,000. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ni sehemu ya nane tu ya fedha aliyoihesabu jioni. (Maandazi ya watoto nayo yaandikwe. Si kwamba watoto wanyimwe, bali mama ajue kwamba nyumba yake imekula bidhaa ambayo dukani ingemletea shilingi 2,000 nyingine.) Akifanya kazi siku 25 katika mwezi, apata faida ya shilingi 50,000.

Sasa siku moja mtoto wake augua, naye anaona katika simu programu itoayo mkopo kwa dakika chache. Anakopa 50,000, na baada ya siku 30 atadaiwa 57,500. Ada ya 7,500 yaonekana ndogo. Lakini kwa faida ya 2,000 kwa siku, ni kazi ya siku tatu na robo tatu. Tena mwisho wa mwezi hana 57,500, kwa maana nyumba nayo imekula. Analipa ile ada tu, na deni linasogezwa mbele mwezi mwingine. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa 90,000, na bado adaiwa 50,000 zile zile.

Hapa ndipo ile kanuni iliyomo katika kitabu cha Pacioli itufaapo. Chukua 72, uigawanye kwa riba ya kila mia. Jawabu ni muda utakaopita mpaka fedha izidi mara mbili. Akiba iletayo 6 kwa mia kila mwaka itazidi mara mbili katika miaka 12. Deni la mama yule ni la 15 kwa mia kila mwezi. Asipolipa cho chote, na ada ikijumlishwa juu ya deni, 72 kwa 15 ni karibu 5; yaani katika miezi mitano shilingi 50,000 zitakuwa 100,000. Kanuni hii hukadiria tu, lakini hukadiria vizuri, na mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kichwani huku mzazi wake akiwa bado ameshika simu. Naye aulize swali hili la pili: je, huyu akopeshaye ana kibali? Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila kibali, ikazikataza.

Jambo lililo gumu zaidi ni kwamba mwalimu na mwindaji wote wawili huonekana katika kioo kile kile cha simu. Huyu asema atakufundisha fedha. Yule naye asema hivyo hivyo, amevaa vizuri, amesimama kando ya gari jipya. Utawatambuaje? Mimi huuliza, nani amemlipa mtu huyu? Kama analipwa na michango au na chuo, hana haja na mfuko wako. Kama mwisho wa somo anakutaka utume fedha ili fedha yako izae, somo lilikuwa chambo.

Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliisimamisha kazi ya DECI, iliyokuwa ikiwapokea watu fedha kwa jina la “kupanda mbegu,” na kuwaahidi mavuno makubwa. Maelfu ya watu walikuwa wamepanda, na wengi hawakuvuna. Wala hawakuwa wajinga. Walikuwamo wasomi, na walikuwamo waliokwisha kuona kwa macho yao jirani akilipwa. Kumwona jirani akilipwa si hesabu. Hesabu ndiyo hii: tuseme mtu ameleta shilingi 10,000 akaahidiwa 20,000, na kazi hiyo haina shamba wala kiwanda cha kuleta faida. Fedha yake imekwisha kutolewa kuwalipa waliomtangulia. Basi ili alipwe yeye, lazima waje watu wapya wawili. Wale wawili wataka wanne, na wanne wataka wanane. Endelea kuzidisha kwa mbili: mara ya 10 wahitajiwa watu 1,024, mara ya 20 watu 1,048,576, na mara ya 26 watu 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Tanzania nzima watu milioni 61 na kitu, wakiwamo watoto wachanga. Kwa hiyo wa mwisho hawawezi kulipwa, hata kama wakubwa wa kazi hiyo wangekuwa waaminifu kabisa.

Haya yote ni kuzidisha na kugawanya mlikokwisha kujifunza. Sasa twaeni madaftari yenu. Mwenye genge amekopa shilingi 200,000 kwa ada ya 12 kwa mia kila mwezi, naye halipi cho chote, na ada hujumlishwa juu ya deni. Kwa kanuni ya 72, deni litafika 400,000 baada ya miezi mingapi? Mkiisha, fanyeni hesabu ile ile kwa njia ndefu, mwezi hata mwezi, mwone majawabu hayo mawili yanapitana kwa shilingi ngapi.